Nishani za Watu Kumi na Tisa

Walisema sitaweza. Tonton wangu, yaani mjomba, aliyekuwa na duka la chumvi na sabuni pale Bagira, alilisema hilo mbele ya ukoo mzima siku niliyotangaza kwamba nimeomba kazi ya ukarani kwenye ofisi ya jeshi mjini Bukavu. Aliinua mkono wangu juu kama mtu anayeonyesha kuku sokoni.

"Muangalie hii mikono. Iko ya matofali. Kalamu itamuponyoka, maneno ya Kifaransa itamunyonga, na kisha mwezi moja atarudia hapa kuomba deni ya sabuni."

Watu wakacheka. Baba yangu, mfyatua matofali wa Kasha, hakucheka, lakini pia hakunitetea. Nilikuwa mtoto wa kwanza katika nyumba yetu kupata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, na nasema bila haya kwamba niliipata bila mwalimu wa ziada wala mkubwa wa kunibeba, kwa kusoma nikiwa nimekaa juu ya matofali mabichi. Tonton alikuwa na duka. Mimi nilikuwa na diploma. Tungeona.

Siku ya kwanza nilishuka kutoka Kasha kwa miguu, viatu mkononi, na nilivivaa karibu na lango la kambi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ziwa, meza mbili, mashine ya kuandikia iliyokosa herufi moja, na kabati la chuma. Mkuu wa ofisi alikuwa Ajida-Chefu, tuliyemwita kwa cheo chake cha jeshi, mtu mfupi, mkavu, mwenye masharubu aliyoyachana kuliko nywele. Aliniangalia kutoka kichwani hadi kwenye viatu.

"Njo weye ule wa diploma?"

"Ndiyo, chef."

"Diploma itakusaidia kusoma. Kungoja, nitakufundisha miye. Ikaa."

Akanipa dosie moja, yaani jalada la mtu. Ilikuwa ya kaporali aliyembeba kapteni wake mgongoni kutwa nzima, kapteni akiwa na risasi tumboni, hadi kwa daktari. Nikaisoma na machozi yakanilenga.

"Sasa," akasema Ajida-Chefu, "huyu anastahili nishani?"

"Anastahili sana, chef."

"Juu ya nini?"

"Juu alikuwa shujaa."

Akavuta masharubu. "Miye sikukuuliza kama iko shujaa. Ushujaa, Mungu anaujua. Nakuuliza kama anastahili. Soma tena."

Nilisoma tena, na mara ya tatu ndipo nilipoona. Barua ya kamanda ilikuwa na shahidi mmoja tu, na kanuni ilitaka wawili. Tena kaporali huyo, miezi miwili baada ya tendo lake, alilala siku kumi na tano kwenye kasho, yaani jela ya kambi, kwa kuuza viatu vya jeshi. Dosie yake haikuweza kupanda kwa wakubwa. Kapteni alikuwa hai, anakula na kunywa, na aliyembeba hakupata hata kipande cha utepe.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi hiyo, na niwaeleze ninyi vijana mnaobofya kompyuta jinsi ilivyokuwa, kwa sababu leo watu wanadhani nishani hutolewa kwa wenye bahati au wenye ndugu. Labda leo. Wakati wetu zilikuwapo njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya utumishi mrefu. Tulihesabu miaka ya askari katika kitabu chake cha utumishi, ukurasa kwa ukurasa. Siku za hospitali zilihesabiwa. Siku za kasho hazikuhesabiwa, na zikizidi kiasi, saa yake ilirudi mwanzo, kana kwamba ameingia jeshini jana. Niliwaona wanaume wenye mvi wakilia mbele ya meza yangu kwa sababu ya bia moja waliyokunywa siku isiyofaa.

Ya pili ilikuwa ya jeraha. Hapo tulitaka karatasi ya daktari, na jeraha liwe limetoka kwa adui. Ajali ya lori haikuhesabiwa. Sajini mmoja alinifunulia kovu kubwa la paja, akasimulia mapigano kwa saa nzima na mlio wa kila bunduki, mpaka Ajida-Chefu alipoinua kichwa: "Sajini, ule imbwa wa komanda alikufa ao angali?" Sajini akapandisha suruali, akapiga saluti, akatoka.

Ya tatu ndiyo ilikuwa ngumu, nayo ilikuwa ya ushujaa. Ilihitaji sitasio, ambayo ni barua ya kamanda inayosimulia tendo lenyewe: nani, wapi, siku gani, mbele ya nani. Ilihitaji mashahidi wawili walioona kwa macho yao, wasio wa ukoo wake. Kama mwenyewe alikuwa amekufa, mjane aliweza kuomba kwa niaba yake. Aliyepotea bila maiti kuonekana hakuhesabiwa kuwa amekufa, na mke wake alikaa akingoja pamoja na karatasi zake.

Mimi nilizimudu kanuni hizo zote. Kabla ya mwaka wa pili kwisha, Ajida-Chefu hakufungua tena kitabu cha kanuni. Aliniuliza tu, nami nilijibu nikitazama ziwa. Maofisa walipita wakisema, "Muulize Diploma," na hilo likawa jina langu. Tonton alianza kunitumia salamu kwa watu.

Hapo ndipo kiburi kiliponipotosha, na nitalisema kosa langu kama nilivyosema sifa zangu.

Dosie zetu zilikwenda Kinshasa mara moja kwa mwaka. Mwaka mmoja zilirudi nyingi, zimeandikwa kwa wino mwekundu: fotokopi haisomeki. Mashine ya fotokopi ya mjini ilikuwa mbovu, ilitoa weusi mtupu. Makarani wa kambi nyingine walivumilia, wakatuma tena weusi uleule. Mimi niliona aibu. Nikamwambia Ajida-Chefu kwamba mwaka huu Bukavu itatuma karatasi za asili, zenye mihuri yake, na hakuna dosie yetu hata moja itakayorudi.

"Karatasi ya muntu iko kama mutoto wake," akasema. "Ukiiomba, ujue siku ya kuirudisha."

"Ninajua, chef. Kisha miezi tatu zitarudia kwao."

"Njo vile unajua?"

"Niko na diploma, chef."

Akacheka, akatia sahihi.

Watu kumi na tisa waliniazima karatasi zao, kila mmoja moja, ile iliyokuwa mhimili wa dosie yake. Wengi walikuwa askari. Wa mwisho alikuwa mjane, Maman Nsimire wa Bagira, aliyeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Alikuja na bahasha ya kaki, imefungwa kwa uzi. Mume wake, sajini, aliuawa kaskazini, upande wa Masisi.

"Walinipatia hii ku kambi," akasema. "Iko na Kifaransa. Miye sijue kusoma. Balisema tu niilete kwenu."

Nilifungua. Ilikuwa sitasio. Niliipitia kama nilivyofundishwa: tarehe ipo, mahali papo, mashahidi wawili, muhuri unasomeka. Nikamwambia imekamilika.

"Papa Diploma, nikuambie kitu," akasema, akishusha sauti ingawa tulikuwa peke yetu. "Ku Bagira banasema bwana yangu alikufa akikimbia. Shemeji yangu, dada ya bwana, njo alianza. Hata watoto wangu banachekwa ku masomo. Miye sitaki feza. Nataka ile medali, nitundike ku mulango. Bakipita, bafunge kinywa."

"Utaipata, maman, na karatasi itarudi kisha miezi tatu," nikasema. Sikuwahi kumwahidi mtu nishani kabla ya hapo, na kanuni zilikataza. Lakini dosie ilikuwa safi, na mimi nilijiamini.

Haikupita miezi mitatu. Majuma machache baadaye, kabla dosie hazijaondoka, vita ya kwanza, ile ya kuangusha serikali ya zamani, iliingia Bukavu. Asubuhi hiyo mizinga ilipiga kutoka upande wa Ruzizi, vioo vya ofisi vikaanguka juu ya mashine ya kuandikia, na askari walianza kupanda barabara ya kwenda Walungu wakivua magwanda. Ajida-Chefu alifungua kabati la chuma kwa utulivu, kama siku ya kukabidhi ofisi.

"Beba karatasi za watu," akaniambia. "Meza zitabakia."

Nilitia zile kumi na tisa katika valizi, sanduku la nguo nililoliweka ofisini. Nilitaka kupita Kasha kuchukua diploma yangu, iliyokuwa chini ya godoro, lakini barabara ya Bagira, ya kwenda Kasha, ilikuwa imefungwa na risasi. Kwa hiyo niliondoka Bukavu nikibeba ushahidi wa maisha ya watu kumi na tisa, na sina hata karatasi moja ya kunithibitisha mimi.

Tulitembea. Walungu, kisha msitu, kisha Shabunda. Sitasimulia njaa, kila mtu wa Kivu ana yake. Nitasimulia mto. Mwenye mtumbwi alikataa valizi, akasema uzito ni mwingi, ama valizi ama watu. Nikaitupa valizi na nguo zangu zote, nikafunga karatasi ndani ya nailoni na kuziweka kichwani chini ya kofia. Ajida-Chefu alisema atavuka na mtumbwi unaofuata. Alinipungia mkono kutoka ng'ambo, masharubu yake bado yamechanwa. Mtumbwi uliofuata haukuja, kwa sababu risasi zilianza nyuma ya waliobaki, na sikumwona tena. Nimeuliza watu wengi. Kwa kanuni zetu, yeye amepotea tu, hajafa, na aliyepotea haombewi nishani. Nimezishika dosie za watu wasio na robo ya ustahili wake.

Nilifika Kisangani, kisha Kinshasa. Hapo nilitafuta ofisi ya nishani, na Mkurugenzi wake, mzee mwenye miwani minene, alinipokea. Nikapanga zile karatasi mezani pake, zikiwa na mikunjo na alama za jasho langu. Alizisoma zote. Ni mtu mmoja tu katika kazi hii niliyemwona akizisoma zote.

"Muko na karatasi nzuri," akasema. "Lakini inchi yenye ilizitoa haiko tena. Jina limebadilika, bendera imebadilika, na zile nishani zimefutwa. Siwezi kuzipokea."

"Na wale watu, chef?"

"Warudishie."

Kuwarudishia! Vita ya pili ilikuwa imekata nchi katikati. Bukavu ilikuwa upande mmoja, Kinshasa upande mwingine, na kati yetu mstari wa mbele. Barua haikupita. Nilikaa miaka katika joto la jiji lile, nikitamani baridi ya asubuhi ya Bukavu, ukungu unaopanda kutoka ziwani, sauti ya mtu anayenisalimu kwa Kimashi, lugha ya kwetu, barabarani. Nilitamani hata dirisha la ofisi yetu na ile herufi moja iliyokosekana. Nilikula fufu kama kila mtu, nikisema moyoni kwamba hili si bugali, ugali wa kwetu.

Lakini sikukaa bure. Hakuna aliyeamini kwamba nina diploma, basi nikafanya mtihani wa Serikali mara ya pili, pamoja na watoto walioniita papa, na nikaupita kwa alama zilizozidi za kwanza. Leo nina diploma mbili za Serikali. Nionyesheni mwingine mjini Bukavu. Mkurugenzi aliniajiri siku matokeo yalipotoka. Karatasi za watu nilizitunza juu ya kabati la nyumba, na kila msimu wa mvua nilizitoa kuzianika ndani, moja moja, nikizisomea majina.

Amani ilipotangazwa na majeshi yakachanganywa kuwa jeshi moja, nilikuwa wa kwanza kuomba kurudishwa Bukavu. Nilitua nikiwa na cheo cha mkuu wa ofisi. Tonton alikuja kunipokea, amezeeka, duka limeporwa mara tatu. Aliushika mkono wangu, safari hii taratibu. "Kumbe hii mikono," akasema, na akaishia hapo.

Kazi ilikuwa ileile na haikuwa ileile. Fomu ya ushujaa ilikuwa na safu inayoitwa Adui. Asubuhi moja waliingia askari wawili pamoja, wakisukumana na kucheka. Wote walitaka nishani ya ushujaa kwa mapigano ya kilima kimoja, siku moja.

"Mulikuwa kikosi gani?" nikauliza.

"Miye nilikuwa juu," akasema wa kwanza.

"Na miye nilikuwa chini, ninapanda," akasema wa pili. "Huyu mupumbavu njo alinipiga hapa ku mukono. Sasa tunalala chumba moja, anakoroma kuliko ile bunduki yake."

"Na shahidi wenu ni nani?"

Wakanyoosheana vidole.

Nilikwenda kwa Koloneli, mkuu wa kambi. Aliisoma fomu, akakuna kidevu. "Kanuni inasema nini juu ya shahidi?"

"Awe ameona kwa macho yake, mon colonel."

"Haisemi alisimama upande gani?"

"Haisemi."

"Basi hawa ni mashahidi wazuri kuliko wote. Andika."

"Na safu ya Adui, mon colonel? Niandike nani?"

Alitazama nje dirishani, ambapo wale wawili walikuwa wakigawana sigara. "Iache wazi."

Niliiacha wazi. Dosie zote mbili zilirudi kutoka Kinshasa zikiwa na wino mwekundu: safu haikujazwa. Tangu hapo nilielewa kwamba enzi yangu na Ajida-Chefu, enzi ya kanuni iliyojua adui ni nani, haitarudi, na niliililia zaidi kuliko nilivyopaswa. Kanuni zetu zilikuwa kali. Zilimnyima kaporali yule. Lakini ulijua kwa nini umenyimwa.

Pamoja na kazi hiyo, nilirudisha. Kila Jumamosi nilitoka na karatasi moja mfukoni. Nilimpata mmoja Kasha akilima viazi, amekatwa mguu, na karatasi yangu ilimsaidia kuhesabiwa miaka yake. Niliwapata wengine Kadutu, Kamituga, Uvira. Wengine waliokwisha kufa niliwakabidhi watoto wao. Baadhi walinitukana kabla ya kunikaribisha, na nilistahili. Nilipostaafu, baada ya hotuba, soda na saa ya ukutani, nilikuwa nimerudisha kumi na nane.

Ilibaki bahasha ya kaki. Maman Nsimire alikuwa ameondoka Bagira wakati wa vita ya pili, na hakuna aliyejua alikokwenda. Wengine walisema amekufa. Kwa kuwa sasa nilikuwa na muda wote, nilizunguka parokia moja baada ya nyingine nikiomba jina lake lisomwe baada ya misa. Yalipita majira mawili ya mvua. Kisha katekista mmoja akaniletea habari: yuko Nyalukemba, anaishi kwa binti yake.

Nilivaa suti. Nilimkuta uani akichambua maharagwe pamoja na mwanamke mwingine wa rika lake. Alinitambua kabla sijajitaja.

"Papa Diploma," akasema. "Miezi tatu yako ni mirefu."

"Nisamehe, maman."

"Medali iko wapi?"

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: vita, mto, nchi iliyobadilika jina, nishani zilizofutwa. Hakuna medali, nikasema, na haitakuwapo. Nimeleta karatasi tu. Nikampa bahasha.

Yule mwanamke mwingine akaguna. "Si tulijua. Mwenye alikimbia hapewi medali."

"Huyu njo shemeji yangu," akasema Maman Nsimire kwa sauti iliyochoka. "Ule nilikuambiaka. Vita ilituweka nyumba moja." Akanirudishia bahasha bila kuifungua. "Unisomee basi. Nione ile kitu niliyolilia hii miaka yote inasema nini."

Hapo ndipo nilipopata aibu kuliko ya fotokopi zote. Mimi niliyejua kanuni kwa moyo, niliyeibeba karatasi hii kichwani kuvuka mto, niliyeianika kila mvua, sikuwa nimewahi kumwambia ilichosema. Niliangalia tarehe, mahali, mashahidi, muhuri. Siku ile ya kwanza, kwenye meza yangu, ingenichukua dakika mbili tu kumsomea.

Nikaketi juu ya kigoda, nikavaa miwani, nikasoma nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili. Kwamba kikosi kilirudishwa nyuma kwa amri. Kwamba sajini alikwisha kuvuka daraja pamoja na wenzake na alikuwa salama. Kwamba aliposikia majeruhi wawili wamebaki ng'ambo, alirudi peke yake. Kwamba alimvusha wa kwanza mgongoni, akarudi tena, akambeba wa pili mikononi, na alipigwa risasi hatua chache kabla ya kufika mwisho wa daraja, uso wake ukielekea nyumbani. Kwamba majeruhi wote wawili walipona, na wao ndio mashahidi waliotia sahihi hapa chini.

Maharagwe yalikuwa yameacha kuanguka kwenye sahani.

"Uso ulikuwa huku," akasema Maman Nsimire polepole. "Alipigwa ku mugongo. Njo juu ya ile balisema anakimbia."

"Ndiyo, maman. Alikuwa na mtu mikononi dakika ile ile."

Shemeji alijifuta mikono kwenye kitenge, akavuta kigoda chake karibu yangu. "Papa," akasema, na sauti ilikuwa imembadilika, "rudilia pale pa daraja. Miye ni dada yake."

Nikarudia. Maman Nsimire akamwita binti yake kutoka ndani, naye akaja na watoto, nikarudia tena tangu mwanzo. Kisha nikaikunja karatasi katika mikunjo yake ya zamani na kuiweka mkononi mwake. Nilipotoka kwenda barabarani, mifuko yangu ilikuwa mitupu, na nyuma yangu nilimsikia shemeji akiwaeleza majirani kwenye ukuta, kwa sauti kubwa, jinsi kaka yake alivyorudi ng'ambo ya daraja mara mbili.